Sombe, Kisamvu na Ndugu Wawili wa Jamaa ya Minazi

Mwanamke anayetwanga sombe Kabambare, huko Maniema mashariki mwa Kongo, na mwenzake anayetwanga kisamvu Unguja wana jani moja kinuni. Ni jani la muhogo, mmea wa Amerika ya Kusini ambao Wareno waliuvusha bahari hadi Afrika. Ukilichuma, kikonyo hutoa utomvu mweupe unaonata vidoleni. Utomvu huo ni alama ya undugu wa muhogo na mpira wa Brazili, na minyaa pia tunayopanda kuzungushia ua. Wataalamu wa mimea huiita jamaa hiyo Euphorbiaceae. Mbarika umo ndani yake ingawa hauna utomvu mweupe. Undugu wake uko kwenye tunda, lenye vyumba vitatu sawa na tunda la muhogo. Ua la muhogo lenyewe halina petali, na wachache hulitazama, maana shambani hupandwa kipande cha shina, si mbegu.

Pande zote mbili zinajua kwamba jani hilo si la kufanyiwa mchezo. Likiwa bichi lina sumu. Kulitwanga hulivunjavunja hadi sianidi iachiliwe, na kulichemsha kwa muda mrefu huifukuza na mvuke. Kazi hiyo ya mchi na moto inafanana kutoka Maniema hadi Mombasa.

Njia huachana kwenye mafuta. Pwani, kisamvu huchemka na tui jepesi, kisha kasimile hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka, kwa kuwa tui zito likichemka sana hukatika. Huko Kasongo, Maniema, hutiwa mawese. Hayo hayana woga wa moto: huchemka pamoja na majani mpaka chungu chote kinanukia na wekundu unaelea juu. Wekundu huo ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na tui halina.

Ukiuliza kwa haraka utaambiwa kwamba hapo ndipo pwani na Maniema zinapotengana. Mimi naona hapo ndipo zinapokaribiana zaidi. Mnazi aliuandika mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus mwaka 1753 kwa jina la Cocos nucifera, na mchikichi, mti wa mawese, akauandika mwenzake Jacquin mwaka 1763 kwa jina la Elaeis guineensis, lakini miti yote miwili ni ya jamaa moja, Arecaceae. Pasua karara la mnazi utazame: maua ya kiume yamejaa juu ya vitawi, ya kike, makubwa na mviringo, yako chini, yote kwenye kole moja. Mchikichi hufanya kwa zamu. Mti ule ule hutoa vichala vya kiume kwa kipindi fulani, halafu vya kike. Vile vya kiume hunukia mithili ya anisi, na harufu hiyo huwaita wadudu wadogo wenye vinywa virefu wanaobeba chavua. Malaysia ilipanda michikichi mingi bila wadudu hao, ikawa watu wanachavusha kwa mikono, mpaka mwaka 1981 wadudu walipoletwa kutoka Kamerun.

Sasa chukua chikichi moja, ambayo Wakongo huiita ngazi, uiweke kando ya nazi. Mpangilio ni ule ule: nje kuna tabaka nene lenye nyuzi, katikati gamba gumu, ndani kiini cheupe chenye mafuta. Mtu wa pwani alichagua kiini. Tabaka la nje, yaani makumbi, akalifukia kwenye matope ya ufukweni lilainike, akalisokota kamba. Mtu wa Maniema alichagua tabaka la nje, akalichemsha, akalitwanga na kulikamua mawese. Kiini kilichobaki ndani ya kokwa hutoa mafuta mengine, mepesi kwa rangi, ya sabuni, nywele na ngozi, nayo kwa asili yake yanakaribiana zaidi na mafuta ya nazi kuliko yanavyokaribiana na mawese ya tunda lile lile. Kwa hiyo chakula cha mmoja kimekuwa kamba ya mwenzake, na tui la mmoja limekuwa sabuni ya mwenzake.

Jambo hili lina uzito Kasongo kuliko mahali pengine, kwa sababu pwani ilifika huko kwa miguu. Misafara ya pembe na watumwa ilipita Ujiji na Kabambare, na Kasongo ukawa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, na wanawe mpaka ulipotekwa na jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, Aprili 1893. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi hilo, aliandika kwa mshangao kuhusu bustani alizozikuta: machungwa, makomamanga, mapera, maembe, mananasi, miwa. Mpunga nao uliletwa na waungwana, yaani hao watu wa pwani, na mpaka leo Maniema inasifika kwa mchele. Lugha ya Kiswahili ilibaki, na misikiti pia. Lakini nyumba za waungwana zilijaa wanawake wa Maniema, wengine wameolewa, wengi wamechukuliwa kwa nguvu, na wao ndio walioshika mwiko. Mchikichi ulikuwa wao tangu zamani. Kwa maoni yangu, anayeieleza Kasongo kama kipande cha Unguja kilichohamia msituni ametazama bustani na kuliacha jiko.

Kuna jamaa nyingine iliyogawanyika vibaya zaidi huko Maniema, nayo ni Malvaceae. Ua la bamia ni la manjano, kitovu chake cha zambarau iliyokolea. Ua la pamba hufunguka rangi ya maziwa na kesho yake limeshakuwa jekundu. Na ua la ngaingai, ambayo Tanzania huitwa choya, hufanana na la bamia. Yote yana petali tano na stameni zilizoungana kuwa bomba moja kuzunguka kati ya ua. Bamia na ngaingai ni mboga za wanawake, karibu na nyumba. Pamba ililetwa na serikali ya Wabelgiji, na amri ya mwaka 1917 iliruhusu wanakijiji walazimishwe kilimo mpaka siku 60 kwa mwaka. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kubebeshwa mzigo huo, na zao hilo liliuzwa kwa bei ambayo mkulima hakuipanga.