Kigeuzi cha dijitali kuwa analogia

Kigeuzi cha dijitali kuwa analogia, kinachojulikana zaidi kwa kifupi DAC, ni sakiti ya elektroniki inayopokea namba na kutoa volti zinazopanda na kushuka kufuatana na namba hizo. Simu, kompyuta, televisheni na mashine ya CD huwa nacho ndani, kwa sababu spika haiwezi kusoma namba. Kigeuzi husemwa hakina rangi kama sauti inayotoka ni ile iliyorekodiwa, bila nyongeza wala upungufu ambao sikio linaweza kuutambua.

Utendaji

CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli. Kila sampuli ina biti 16, yaani moja kati ya ngazi 65,536. Kufuatana na kanuni ya Nyquist na Shannon, kasi hiyo yatosha kurudisha mawimbi yote yaliyo chini ya hezi 22,050, na sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000 tu. Wengi hudhani wimbi hutoka likiwa na vidato kama ngazi ya ghorofa, kama linavyochorwa vitabuni. Vidato hivyo huondolewa na kichujio kabla sauti haijafika kwenye amplifaya.

Chanzo cha rangi

Baadhi ya watengenezaji huacha kichujio hicho kwa makusudi. Matokeo yake, sauti ya CD karibu na hezi 20,000 hupungua kwa desibeli 3 hivi. Wengine huweka vali za kioo, ambazo huongeza harmoniki zisizokuwamo kwenye rekodi. Wapo wanaoupenda utamu huo, na si kosa kuupenda, ila ni rangi. Mvumo unaosikika kigeuzi kinapounganishwa na kompyuta ni jambo jingine: mara nyingi hutokana na nyaya za umeme na ardhi, si kigeuzi chenyewe.

Kuchagua

Hapa ndipo wanunuzi hupoteza fedha. Kigeuzi kinachotoa volti 2.5 husikika kwa nguvu zaidi kuliko cha volti 2, ambacho ndicho kiwango cha kawaida. Tofauti yake ni karibu desibeli 2, na msikilizaji kwa urahisi atakisifu cha kwanza kuwa ni “wazi” au “hai”, kumbe ni sauti kubwa tu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, volti zisawazishwe kwa kutumia mita, tofauti isizidi desibeli 0.1. Kisha mtu mwingine abadilishe vifaa bila msikilizaji kuona. Katika majaribio 16, kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 kwa 100. Akipata 8 au 9, hajathibitisha kwamba anasikia tofauti.

Vipimo vya maabara husaidia kuliko maneno ya tangazo: kelele, upotoshaji na usawa wa masafa kutoka hezi 20 hadi 20,000. Bei si kipimo, kwani vipo vigeuzi vidogo vya bei nafuu, vya kuchomeka kwenye simu, ambavyo upotoshaji wake uko chini ya uwezo wa sikio. Spika na chumba, hasa chenye sakafu ya saruji na kuta tupu, hubadilisha sauti kwa desibeli nyingi zaidi.