Vera Lynn Alipewa Nishani. Magokoro Wetu Je?

Mwaka wa 2009 kuna msanii alipanda hadi nambari moja kwenye chati ya albamu Uingereza akiwa na miaka 92. Soma tena: tisini na mbili. Hakuwa na bifu na mtu, hakuwa na challenge ya kucheza densi. Anaitwa Vera Lynn, na mashabiki waliomshikilia kwa zaidi ya miaka sitini walikuwa wanajeshi.

Leo nataka tuongee kuhusu huyu mama, alafu nitawapeleka Nyamira. Najua unajiuliza hizo mbili zinakutana wapi. Tulia, tutafika.

Vera Lynn alizaliwa London mwaka wa 1917, baba yake akiwa fundi wa mabomba. Alianza kuimba jukwaani akiwa na miaka saba. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939, alirekodi wimbo kuhusu watu wanaoachana wakiamini watakutana tena siku moja. Askari waliupenda vibaya sana. Mwaka wa 1941 akapewa kipindi kwenye redio ya BBC, na humo ndani alifanya kitu ambacho mimi kama mtu wa kontenti nakiheshimu: alienda hospitalini kuona akina mama waliojifungua, alafu akawatangazia waume zao walioko vitani kwamba mtoto amefika na mama yuko salama. Fikiria uko jangwani, hujui kama utaiona kesho, alafu redio inakupa habari za nyumbani kwako.

Wakubwa wengine hawakufurahia. Walisema nyimbo za mapenzi zitawalegeza askari, eti wapigiwe mziki wa kuchangamsha damu. Askari wenyewe hawakuulizwa. Wangeulizwa, jibu lingekuwa rahisi: hatuhitaji kuchangamshwa, tunahitaji kukumbukwa.

Mwaka wa 1944 akafanya kubwa zaidi. Alisafiri hadi Burma, ile nchi tunayoiita Myanmar sasa, kuimbia Jeshi la Kumi na Nne la Uingereza. Hilo jeshi lilipachikwa jina la Jeshi Lililosahaulika, kwa sababu magazeti yalikuwa yanaangalia Ulaya tu. Joto, mbu, matope, piano ndogo imebebwa kwa gari. Wasanii wengi hawakuwa na hamu ya kufika huko. Yeye alifika.

Wale wanaume hawakusahau. Vita vikaisha, wakazeeka, na bado alikuwa mtu wao. Mwaka wa 1985 akapewa Burma Star, nishani ile ile waliyovaa waliopigana Burma. Alipofariki tarehe 18 Juni 2020 akiwa na miaka 103, watu walijipanga kando ya barabara kijijini kwake kumuaga, na ndege za enzi za vita zikapita juu ya jeneza.

Sasa, Burma. Hapo ndipo sisi tunaingia.

Kwenye lile Jeshi Lililosahaulika kulikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Vijana wa Keya, yaani KAR, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko. Wakenya takriban 98,000 walihudumu kwenye vita hivyo kwa jumla, na Kisii ilitoa wake. Divisheni hiyo iliingia Burma katikati ya 1944, mvua ikinyesha kama imetumwa, ikapita bonde la Kabaw ambalo askari waliliita Bonde la Mauti. Tarehe 2 Desemba walikuwa wameshika Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Wengine hawakufika hata Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Hii shuleni sikuwahi kuisikia hata siku moja.

Je, Vera Lynn aliwaimbia vijana wetu? Hapana. Alipokuwa Burma, divisheni yao ilikuwa bado Ceylon. Wao walikuwa na burudani yao: jeshi liliunda kikosi cha wanamuziki Waafrika, na humo ndimo alimopita Fundi Konde, kijana wa Pwani aliyekuja kuwa jina kubwa la muziki wa Kenya. Na walikuwa na nyimbo za safari zao wenyewe, kama Funga Safari.

Lakini kuna mwanamke aliyewaimbia. Kwa wale wa ridge yetu, upande wa Manga, alikuwa mama yake magokoro wangu. Kama wewe si Mkisii, magokoro ni nyanya.

Magokoro alikuwa mtoto mdogo vijana walipoenda. Kumi na mmoja kutoka ridge hiyo moja. Waliporudi walikuwa saba, baba yake akiwemo. Mama yake akatunga wimbo. Haukuwa na mambo ya ushujaa wala King George. Ulikuwa unaita majina. Kila jina na ishara yake: huyu mrefu, huyu alikuwa na ng'ombe mwenye pembe moja, huyu aliacha mke na mimba. Waliorudi waliitwa na kuitikia. Wale wanne waliitwa, wimbo ukanyamaza kidogo, alafu ukaendelea.

Magokoro aliniambia wale wazee walipokuwa wakikusanyika kunywa amarwa, walimwita mama yake na kumpa kiti na mrija wake, pale kwenye chungu cha wazee wa kiume. Mwanamke kukaa hapo halikuwa jambo la kila siku. Akianza kuimba, wao walisimama. Wazee, magoti mabovu, mmoja ana fimbo, wote wima kama wako gwaride. Majina ya wale wanne yakiitwa, walipiga saluti. Walifanya hivyo hadi akabaki mmoja, na yeye pia alisimama, peke yake.

Hiyo ndiyo Burma Star yetu. Haikuandikwa popote.

Na hapa ndipo lazima niseme ukweli wangu. Mwaka wa 2021 nilimrekodi magokoro akiimba wimbo wote, kama dakika tisa hivi. Nikakata sekunde kumi na mbili, nikaweka biti chini, nikaposti. Ilifanya poa sana. Alafu simu ikajaa, na mimi nikafuta ile ndefu, nikijiambia nitamrekodi tena Desemba. Mwaka uliofuata alifariki. Kwenye zile sekunde kumi na mbili linasikika jina moja tu.

Tangu hapo nimekuwa nikipiga simu kwa mashangazi, na kushuka Nyamira kila nikipata nauli. Huyu anakumbuka jina, yule anakumbuka ule wa pembe moja lakini hajui ni wa nani. Tumefikisha majina sita. Bado matano.

Mtu ataniambia si kuna rekodi za serikali. Kuna, lakini zina mashimo makubwa kuliko unavyodhani. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukubali kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye Vita vya Kwanza hawakuwekewa majina yao popote, na huenda wanafika 350,000. Wengi walikuwa wapagazi, wale wa Kariakor. Vita hivyo vilifika mpaka mji wa Kisii wenyewe: Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na watu wakapigana pale pale. Kwa hivyo sisi tunajua vizuri sana jinsi mtu anavyobebeshwa mzigo wa vita vya wengine alafu jina lake linakosa karatasi.

Uingereza walikuwa na Vera Lynn na pia walikuwa na karatasi. Wimbo wake ukipotea leo, majina ya askari wao yamechongwa kwenye mawe. Sisi kwa watu wengi tulikuwa na wimbo tu. Mwimbaji ndiye alikuwa jiwe. Ndiyo maana wale wazee walisimama. Walijua yule mama akinyamaza, wenzao wanne wanakufa mara ya pili.

Kwa hivyo sitaki ukimaliza kusoma unitumie emoji ya kulia. Nataka ufanye hivi: kama una magokoro, nyanya, bibi, cucu, dani, kogo, mpigie leo umuulize kama anajua wimbo wa zamani wenye majina ya watu. Mrekodi mpaka mwisho, hata akikohoa, hata jogoo akiwika. Muulize kila jina ni la nani na alitoka wapi. Alafu weka nakala mbili kabla hujafikiria biti.

Na kama wewe ni wa upande wa Manga na kwenu kulikuwa na mzee aliyeenda Burma, au aliyeenda na hakurudi, niandikie. Natafuta majina matano.