Simu zisizoaga

Katika tamthilia zetu za runinga simu haziagani. Mhusika anasikiliza, anakunja uso, anarudia kila alichoambiwa ili sisi wa sebuleni tusikie ("Nini? Mzee amelazwa? Muhimbili?"), kisha anaishusha simu na kukodolea macho ukuta. Imekwisha.

Nani huku kwetu anakata simu hivyo asinuniwe? Kinachokosekana hapo ni neno dogo: haya. Si haya ya aibu, wala si ile ya "maneno haya", bali haya ya kukubali na kufunga mazungumzo. Nayo moja haitoshi. "Haya mama." "Haya mwanangu, wasalimie watoto." "Zimefika. Haya." "Haya basi." Ya kwanza inaomba ruhusa ya kuondoka, ya pili inaitoa, zinazofuata ni za kusindikizana. Ukiivuta, haaaya, umeshamjulisha mwenzako kwamba umesikia ila hukuridhika. Mwigizaji hodari angemaliza ugomvi mzima kwa hiyo ya kuvuta, bila kumwaga chozi hata moja.

Tamthilia za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili nazisamehe: mdomo wa mwigizaji ukishafumba, huna pa kulipachika neno. Iliyoandikwa Dar es Salaam au Mombasa haina kisingizio hicho, maana haya mbili hazimalizi hata sekunde tatu. Waandishi wa miswada, waacheni wahusika wenu waagane.