Asilimia Mbili

Maisaka ni kata ya Mji wa Babati, mji unaotazamwa na Mlima Kwaraa upande mmoja na ziwa lenye viboko upande wa pili. Tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu yake, watumishi wa umma wameongezeka mjini hapa: walimu, wauguzi, watendaji, maofisa wa halmashauri na wa mkoa. Kila mmoja wao hupata hati ya mshahara kila mwezi, na katika hati hiyo, kati ya kodi, mfuko wa pensheni na bima ya afya, kuna mstari mwingine mfupi wenye jina la chama cha wafanyakazi. Kwa mwalimu, mstari huo ni asilimia mbili ya mshahara.

Asilimia mbili inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Asilimia mbili ya laki tano ni shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Mtu akitumikia miaka 30 bila mshahara kuongezeka hata senti, atakuwa amekichangia chama shilingi milioni tatu na laki sita. Mshahara ukipanda, na mchango unapanda. Kwa fedha hiyo mtu angejenga chumba na sebule, au angemsomesha mtoto. Hata hivyo, muulize mwenye hati ni lini alihudhuria kikao cha tawi lake kwa mara ya mwisho. Wengi watakujibu kwa kutaja fulana ya Mei Mosi.

Mzaha wa fulana ni wa zamani, na una uchungu ndani yake. Mtu huona kwamba chama ni kitu kinachomkata, kisha kinamvika mara moja kwa mwaka. Tabia hii ya kukaa pembeni ya kitu unachokilipia watu huiita uvivu wa wanachama. Historia inaeleza vingine. Watumishi wa nchi hii waliwahi kuwa na vyama vyao wenyewe, wakanyang'anywa, wakarudishiwa kwa vipande. Walipokuja kurudishiwa, walikuwa wameshazoea kuongozwa.

Chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika kilianzia Tanga mwaka 1922. Mwanzilishi wake alikuwa Martin Kayamba, karani msomi. Jina la chama lilikuwa refu la Kiingereza, likifupishwa TTACSA. Waliojiunga walikuwa makarani, walimu na watu wa kalamu kwa jumla. Hawakuwa watu wa migomo. Walikuwa na klabu, walisoma magazeti, walicheza mpira, na walipokuwa na jambo kuhusu masharti ya kazi walimwandikia mwajiri barua yenye adabu. Mtu anaweza kuwadharau kwa upole huo, lakini kila aliyekuwemo alijiunga mwenyewe, kwa mguu wake na fedha yake. Watu wa tabaka hilohilo ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa African Association iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambayo baadaye iliitwa TAA na, tarehe 7 Julai 1954, ikazaa TANU.

Serikali ya kikoloni iliiona njia hiyo mapema. Mwaka 1953 ikatoa waraka uliowakataza watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano wa TAA jioni alilazimika kuchagua kati ya kalamu ya mkutano na kalamu ya ofisi. Wengi walikuwa na familia, wakachagua ofisi. Lakini mlango mmoja ulibaki wazi: chama cha wafanyakazi hakikuwa chama cha siasa.

Mlango huo ndio aliopitia Rashidi Kawawa. Alikuwa mtumishi wa Serikali na kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika, TAGSA. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilipoungana kuunda shirikisho lao, TFL, yeye alikuwa katibu mkuu wa kwanza, kisha akaacha kabisa kazi ya Serikali. Nyuma yake palikuwa na miaka ya mapambano ya watu wasio na kalamu: makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwaka 1947 wakaanzisha mgomo uliosambaa kufuata njia ya reli hadi miji ya bara. Karani na kuli walikutana ndani ya TFL. Uhuru ulipokaribia, chama cha wafanyakazi na chama cha ukombozi vilikuwa vinatembea bega kwa bega.

Baada ya Uhuru bega moja lilitakiwa litangulie. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, na Kawawa akashika nafasi yake. Katika mwaka huohuo zilipitishwa sheria zilizobana migomo na kuviweka vyama chini ya shirikisho moja. Mojawapo iliwahusu watumishi wa Serikali peke yao: aliyekuwa akilipwa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka hakuruhusiwa tena kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Serikali iliyopitisha sheria hiyo iliongozwa na mtu aliyekulia katika chama cha watumishi wa Serikali.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. Nchi ilikuwa maskini, wenye mishahara walikuwa wachache mno, na mkulima aliyewalisha hakuwa na chama cha kumgomea mtu. Kwa nini mwenye mshahara aisimamishe nchi ili aongezewe? Swali hilo lilikuwa na nguvu mwaka 1962, na lina nguvu hata leo Babati, ambako mwenye mshahara wa mwezi ana jirani anayesubiri mahindi na mbaazi zikomae. Lakini jibu lililotolewa na dola lilikuwa kuwaondoa waliouliza tofauti. Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha reli, alipelekwa London kuwa balozi mwaka 1962, akajiuzulu na kurudi kufanya siasa ya upinzani. Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, aliwekewa kizuizi Sumbawanga mwanzoni mwa 1963. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi waliasi. Maasi yalipozimwa, viongozi wa wafanyakazi karibu 200 walikamatwa. Mwezi uliofuata TFL ilivunjwa kwa sheria na NUTA ikaundwa. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akakaa pande zote mbili za meza.

Hapo ndipo makato yalipoingia mahali pa uanachama. Chini ya NUTA, ada ilikatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi. Hakuna aliyekuja kwako kukuomba shilingi yako, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kukueleza atakufanyia nini nayo. Kizazi kizima kilijifunza kwamba chama ni idara nyingine ya Serikali.

Kuna nyakati watu walikataa somo hilo. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuwe na mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ukakemea viongozi wenye kiburi, ubadhirifu na dharau. Wafanyakazi waliusoma kwa umakini kuliko walioutoa walivyotarajia. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vingi viligoma, na mara nyingi dai halikuwa mshahara bali heshima, yaani namna meneja anavyomsemesha mtu. Dola ikachoka na migomo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NUTA iligeuka JUWATA, jumuiya ya CCM. Mwaka 1991 sheria ikaunda OTTU ichukue nafasi ya JUWATA.

Walimu ndio waliotangulia kujitoa katika mwavuli mmoja. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilisajiliwa mwaka 1993. Vyama vya sekta nyingine vikafuata, kikiwemo TALGWU cha watumishi wa serikali za mitaa na TUGHE cha watumishi wa Serikali na afya. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ililifuta shirikisho la zamani, na shirikisho jipya la hiari, TUCTA, likaundwa. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga na kushiriki shughuli zake halali bila kubaguliwa. Wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wamewekwa nje yake. Mwalimu na muuguzi wa Maisaka wamo ndani.

Haki ilirudi, ila mazoea yalibaki, na sheria yenyewe iliacha mlango mmoja ambao wengi hawaujui. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, isiyozidi ada ya mwanachama. Hoja yake inaeleweka: chama kikipata nyongeza, inamfikia kila mtu, basi kila mtu achangie. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wawili wenye makato sawa wanaweza kuwa na hadhi tofauti. Aliyejaza fomu ya kujiunga, ile inayoitwa TUF 6, anapiga kura, anagombea, anahoji mapato na matumizi. Asiyejaza analipa na kunyamaza. Mtu anayesema, "Mimi sijajiunga, wananikata tu," anadhani anagoma, kumbe ameacha kura yake na fedha yake pamoja.

Kura hiyo ina thamani gani? Mwaka 2010 TUCTA ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo wa Mei 5. Siku mbili kabla, Rais Kikwete akahutubia wazee wa Dar es Salaam na kulikataa dai hilo hadharani. Mgomo haukufanyika. Julai 30, 2012 walimu waligoma, na Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamuru warudi madarasani. Ukitazama hayo tu, utasema chama hakina nguvu. Tazama basi kikokotoo. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mstaafu apokee asilimia 25 ya pensheni yake kwa mkupuo, wakati watumishi wa umma wengi walizoea 50. Kelele za wafanyakazi zilikuwa kubwa hata Desemba 28, 2018 Rais Magufuli alipokutana na viongozi wa vyama akasitisha kanuni hizo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, ikielezwa kwamba Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wamekubaliana. Kelele zikarudi, na katika bajeti ya 2024/25 waliokuwa wakipata 50 wakapandishwa hadi 40.

Zingatia neno "wamekubaliana". Nyumba ambayo mstaafu ataweza au hatoweza kuimalizia inategemea mezani pale alikaa nani na alitumwa na nani. Aliyekaa alichaguliwa na mkutano mkuu. Wajumbe wa mkutano mkuu walipanda kupitia ngazi za chini, na ngazi hizo zinaanzia tawini, mahali pa kazi, kwenye kikao ambacho watu huenda wachache kwa sababu kimeitishwa siku ya gulio.

Sheria ya 2004 ni ya ukarimu kwa mtu wa chini kuliko wengi wanavyodhani. Mahali penye wanachama mmoja hadi tisa pana haki ya mwakilishi mmoja wa chama. Wanachama 10 hadi 20 wanapata watatu, 21 hadi 100 wanapata kumi, na zaidi ya hapo kumi na watano, ambao angalau watano kati yao wanawakilisha wanawake. Shule yenye walimu kumi wanachama inastahili wawakilishi watatu. Zahanati yenye wauguzi wanne inastahili mmoja. Hao ndio wanaokaa na mwenzao anapoitwa kwenye shauri la nidhamu, ndio wanaofuatilia fedha za uhamisho na malimbikizo. Halmashauri nayo ina Baraza la Wafanyakazi, mjukuu wa waraka wa 1970, ambamo bajeti hujadiliwa kabla ya kuwa namba za kuhesabiwa tu.

Kwa hiyo anayeuliza aanzie wapi ana kazi tatu, zote zinafanyika bila nauli ya Dodoma. Atazame hati yake ajue anakatwa kama mwanachama au kama mtu wa uwakala, na kama ni wa pili, ajaze fomu. Aulize mwakilishi wa mahali pake pa kazi ni nani na alichaguliwa lini. Aombe kuona taarifa ya mapato na matumizi ya tawi, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wenzake. Na kama chama hakimfai hata baada ya hapo, mwanachama anaruhusiwa kusitisha makato yake kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja, na vyama vingine vipo.

Makarani wa Tanga wa mwaka 1922 hawakuwa na sheria yoyote ya kuwalinda wala mhasibu wa kuwakatia ada. Kila mwezi kila mmoja aliamua upya kama chama kinastahili senti zake. Sisi makato yametuondolea uamuzi huo, nao unaweza kurudishwa kwa kiti kimoja kinachokaliwa kwenye kikao cha tawi.