Mpako wa molibdeni

Mpako wa molibdeni ni utando mwembamba wa kilainishi kikavu unaowekwa juu ya risasi za bunduki ili kupunguza msuguano ndani ya mtutu. Kilainishi hicho ni disulfidi ya molibdeni (MoS₂), unga mweusi wenye tabaka zinazoteleza kama za grafiti. Hauyeyuki katika maji, hivyo huondolewa kwa kusuguliwa.

Ulienea katika miaka ya 1990, hasa Marekani, kati ya walenga shabaha wanaojaza upya maganda ya risasi. Kwa kuwa mpako hupunguza shinikizo, mara nyingi baruti huongezwa kidogo ili kufikia kasi ileile. Mpako ukiondolewa, kipimo hicho hakifai tena: shinikizo linaweza kupanda na kuharibu bunduki au kumjeruhi mpigaji.