Uyoga wa pleroti: historia ya chakula cha kuongeza

Wengi wetu tukisha maliza lisansi na kazi hakuna, tunaingia mu kilimo cha uyoga wa pleroti. Majani makavu yako, hauombi shamba kubwa. Kisha mtu anakuambia: ongeza pumba, utavuna sana. Mimi pia niliongeza, tena mara mbili ya kipimo. Kiisha wiki mbili, mifuko karibu yote ilikuwa na kuvu ya kijani. Pesa ya watu wanne ikaenda hivyo. Nilipotafuta sababu, nikakuta kumbe wengine walishaangukia pale pale mbele yetu.

Kilimo cha pleroti kilianza mu njaa. Ujerumani, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, chakula kilikosekana. Mwaka 1917 Richard Falck, mtaalamu wa kuvu, alieleza namna ya kuotesha pleroti juu ya visiki na magogo. Nyuma yake watu wakahamia kwenye unga wa mbao na majani ya ngano. Ni rahisi, lakini majani yana kaboni nyingi na azoti kidogo, chini ya 1%. Bila azoti, uyoga unakosa kitu cha kujengea mwili.

Jibu lilitokea kwanza kwa shampinyoni. Mwaka 1962, Sinden na Schisler walionyesha kama kuongeza protini mu mboji wakati wa kupanda mbegu kunapandisha mavuno. Lakini shida ikafuata: kuvu zingine zinapenda chakula hicho pia, na mboji inapata joto mpaka mbegu inaungua.

Mwaka 1976 Carroll na Schisler wakaleta akili mpya: protini iliyopitishwa mu formoli, ili ifunguke pole pole. Wakati inafunguka, uyoga ulishajaza mahali pote, adui anakosa nafasi. Miaka ya 1980 Royse na wenzake, wa Pennsylvania State, wakajaribu chakula hicho cha pole pole kwa pleroti pia.

Sisi hatuna protini ile, lakini somo linabaki: wakati wa kula ni muhimu kama kiasi cha chakula. Pumba zipikwe pamoja na majani, zisitiwe mbichi kisha. Kwa kilo 10 za majani makavu, anza na gramu 500 za pumba, ni kusema 5%. Mifuko ipangwe na nafasi katikati, joto litoke. Na kila mara acha mifuko kidogo bila pumba, upime mavuno ya pande zote mbili.

Ile mifuko ya kulinganisha, mimi sikuiacha. Ndiyo maana hata hasara yangu haikunifundisha kipimo. Wewe unayeanza mwezi huu, pima, andika, kisha utuletee hesabu yako hapa.