Ng'ambo ya Athi: Sehemu ya 4

ILIPOISHIA: Kaka alikuja kutoka Nairobi na gari la kumhamisha Mama. Kulipopambazuka, kitanda kilikuwa kitupu. Kiondo, panga na mabunda ya kamba havikuwapo. Nilifuata alama za gambuti zake hadi juu ya uwanda wa Yatta, nikamkuta ameketi kwenye jiwe akimenya kiazi. "Umechelewa," akaniambia. Endelea…

"Tunaenda wapi, Mwaitu?"

Akaelekeza kwa kidevu. Kusini-magharibi, ng'ambo ya bonde la Athi, upande wa Makueni, vilima vya Chyulu vilikuwa vimejipanga, vilele vyake ndani ya wingu.

"Kule. Tangu niolewe Ikutha navitazama kila nikija kutafuta kuni, na sijawahi kuvikanyaga. Mtu na jirani yake miaka yote hii bila kutembeleana! Ni adabu hiyo?"

Simu ikalia. Kaka. Nikaiweka sauti ya juu.

"Ndinda, umempata? Mwambie kuna lami toka Kitui hadi Kibwezi. Mwambie daraja lipo!"

"Mwambie daraja ni la magari," Mama akajibu, akatia kipande cha mwisho cha kiazi kinywani. Mtandao ukakatika, na sikusikitika sana.

Nieleze kidogo, kwa msomaji aliyejiunga leo. Mama amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, lakini darasa lake hasa lilikuwa nje. Alipokuwa msichana, wazee waliwaonya watoto kwamba anayelizunguka Jiwe la Nzambani mara saba hugeuka, mwanamke akawa mwanamume. Basi akalizunguka mara saba. Aliporudi nyumbani bado msichana, akasema labda alikosea kuhesabu, kesho yake akaenda tena. Alilala porini Mutitu, amelina asali, kazi ambayo kwetu walijiwekea wanaume. Baba alizoea. Sisi watoto ndio hatukuzoea.

Na alikuwa na ugomvi wake na vitabu. Kila mwaka alipofika somo la mmisionari Krapf, aliyekuwa mgeni wa Chifu Kivoi hapa Kitui mwaka 1849 na kuuona Mlima Kenya kwa mbali, aliwauliza wanafunzi: "Na mwanamke aliyempikia mgeni huyo, yeye alikuwa hajauona?" Mkaguzi mmoja alimwandikia kwamba anatoka nje ya silabasi. Mama aliiweka karatasi hiyo kwenye fremu.

Tukaanza kushuka. Uwanda wa Yatta ni lava iliyoganda, iliyotiririka zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita na kuacha mstari wa karibu kilomita 300. Ardhi ya kando imeliwa na mmomonyoko, jiwe likabaki juu. Kuuteremka ni kupanga nyayo. Mama alitangulia, ukanda wa kiondo kwenye paji la uso, bila kushika kitu. Mimi nilishika kila kitu, pamoja na miiba.

"Vile vilima ni vichanga," alisema bila kugeuka. "Vingine vilitapika moto katikati ya karne ya 19. Susu wa susu yangu alikuwa hai."

"Nani alikwambia?"

"Ukitembea, utaambiwa."

Mto ulikuwa mpana kuliko nilivyotarajia, maji yakifika magotini penye mawe, na kwingine dimbwi jeusi tuli. Mama akarusha mawe katika dimbwi, kisha akakaa chini, akatazama. Akatazama muda mrefu mpaka nikachoka.

"Mamba?" nikanong'ona.

"Mamba anakaa hapo palipotulia. Sisi tutapita penye kasi. Mimi sitazami mamba. Natazama chupa."

"Chupa?"

"Huu mto unatoka kwa wenye gorofa, Nairobi. Mvua ikinyesha kwao, hapa jua linawaka na hujui lolote. Ukiona chupa za soda zinakuja nyingi, ujue maji yako nyuma yake."

Ilipita moja. Baada ya muda, nyingine. Akaridhika.

Akaunganisha kamba zake za mkonge, alizozisuka mwenyewe, akafunga ncha moja kiunoni. Nyingine akaizungusha kwenye shina la mgunga, akanikabidhi. "Ukiona nateleza, vuta. Nikifika, nitaifunga kule, uje."

Akaingia. Alikwenda kulia hatua chache, akakata kushoto, akakanyaga jiwe lililozama ambalo mimi sikuliona kabisa, akasogea kwa lingine. Hakupapasa kwa fimbo hata mara moja. Nilikuwa nikimstaajabia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, sketi imefungwa mapajani, hadi wazo likanijia na kunikereketa. Mtu ambaye hajawahi kuvuka anajuaje jiwe liko wapi?

Alipofika mwamba wa katikati, chupa mbili zikapita. Kisha tano. Kisha sikuweza kuhesabu.

"Mwaitu!"

Maji yalikuwa yamekuwa mekundu. Kutoka kwenye kona ya mto, juu huko, kukaja ngurumo, na mbingu haina hata wingu moja.

"Rudi! Mwaitu, rudi!" Nikaanza kuvuta.

Ndipo kichaka cha ng'ambo kikafunguka, akatokea mzee mwenye kofia ya kijani, mzinga wa nyuki begani. Hakushangaa kumwona mtu mtoni. Alipunga mkono kama anayempokea mgeni wa kila mara.

"Mama Kioko!" aliita. "Mama Kioko, mwaka huu umekawia! Tulidhani huji!"

Kwetu hakuna Kioko. Mimi ndiye kifungua mimba, na tangu nizaliwe kijiji kizima kinamwita Mama Ndinda.

Mama alisikia. Alinigeukia, akamgeukia mzee, akanigeukia tena. Maji yalikuwa yamempanda kiunoni. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, naye akasimama imara, mkono wake ukashuka kwenye fundo.

Kamba ikalegea mikononi mwangu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO